Gari Linaposaga Breki: Maswali ya Madereva wa Tukuyu na Rungwe

Barabara ya lami itokayo Uyole kwenda Kasumulu, mpakani na Malawi, karibu yote ni mlima na mteremko inapopita Rungwe. Kutoka Igawilo inapanda hadi Isyonje, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kisha inashuka Kiwira, inapita Katumba kwenye mashamba ya chai, inafika Tukuyu kwenye mita 1,500 hivi, halafu inateremka tena mpaka Kyela, ambako umebaki na mita 500 tu. Dereva wa Dar es Salaam anaweza kukaa na breki mbovu wiki nzima akisogea polepole kwenye foleni. Wa Tukuyu hana wiki hiyo. Akitoka nyumbani tu, mteremko unamsubiri.

Maelezo haya ni ya mwenye gari la familia: IST, Noah, Probox, Premio, Spacio na mengine ya aina hiyo yaliyoingia nchini yakiwa yameshatumika Japani. Ni gari ambalo Jumatatu linapeleka watoto shule, Alhamisi linabeba mikungu ya ndizi na madumu ya maziwa, na Jumamosi linajaa ndugu kwenda msibani Lwangwa. Maswali ni yale yanayosikika gereji kila siku, na majibu ni yale ambayo kila mwenye gari angepaswa kuyajua kabla hajatoa pesa.

Kwa nini breki zinasaga?

Breki za mbele za magari haya ni za diski. Diski ni bamba la chuma la mviringo linalozunguka pamoja na tairi. Ukikanyaga breki, mafuta ya breki yanasukuma pistoni ndani ya kalipa, nayo kalipa inabana pedi mbili, moja kila upande wa diski. Pedi ina mgongo wa chuma, na juu ya mgongo huo limegandishwa tabaka gumu la kusugua. Tabaka hilo ndilo linaloliwa, kama soli ya kiatu. Pedi mpya huwa na tabaka la milimita 10 hadi 12. Zikibaki milimita 3, muda wa kubadilisha umefika. Tabaka likiisha kabisa, mgongo wa pedi unakutana na diski, na hapo unachosikia ni chuma kinachokula chuma.

Nyuma, magari mengi ya daraja la IST na Probox yana dramu. Ndani yake mna viatu viwili vya breki vinavyotanuka na kusugua ukuta wa dramu. Navyo vinaisha, ila polepole zaidi, kwa sababu gari likifunga breki uzito wake mwingi hukimbilia mbele. Ndiyo maana dramu husahaulika mpaka siku inapolia.

Asubuhi breki zinakwaruza, nikitembea kidogo zinanyamaza. Ni tatizo?

Mara nyingi si tatizo. Sehemu nyingi za Rungwe hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na hata miezi isiyo ya mvua kubwa ina ukungu na manyunyu. Uso wa diski ni chuma kitupu kisicho na rangi, kwa hiyo gari likilala nje usiku mmoja wa mvua, asubuhi utaukuta umeshika kutu nyekundu. Mara tatu nne za kwanza unapokanyaga breki, pedi zinakwangua kutu hiyo na mlio unaisha.

Ukifika kilomita ya pili na mlio bado upo, si kutu ya usiku mmoja tena. Gari lililosimama wiki kadhaa lina hadithi nyingine: kutu inaweza kuchimba diski, au pedi zikagandamana nayo. Lionyeshe kwa fundi kabla ya safari.

Nasikia filimbi nyembamba, si kusaga. Hiyo nayo?

Hiyo ni taarifa, na imetengenezwa makusudi. Pedi nyingi zina kibati chembamba cha chuma pembeni. Tabaka likipungua na kubaki kama milimita 2 au 3, kibati kinagusa diski na kulia. Anayeshughulika siku hiyohiyo hununua pedi tu. Anayeongeza sauti ya redio hununua pedi na diski, na pengine kalipa juu yake.

Lakini usikae ukisubiri filimbi. Pedi nyingine, hasa za bei ya chini, hazina kibati hicho kabisa. Nyingine zinacho upande mmoja tu, wakati pedi inayoisha ni ya upande wa pili.

Nitajuaje kama ni pedi, jiwe au beringi?

Sikiliza mlio unakuja wakati gani. Hilo lina maana zaidi kuliko ukubwa wake.

Ukija pale tu unapokanyaga breki na kuondoka unapoachia, shuku pedi au viatu. Ukiwepo muda wote hata bila kukanyaga, mara nyingi ni kijiwe. Barabara za vumbi za Mwakaleli na Masoko zina changarawe na mchanga wa volkano, na punje moja ikinasa kati ya diski na bati lililo nyuma yake la kukinga vumbi, inapiga kelele za kutisha kuliko madhara yake. Wakati mwingine kurudi nyuma mita chache, mahali salama, kunaidondosha. Isipodondoka, fundi anafungua tairi, anasogeza bati kidogo kwa bisibisi, na kazi imekwisha. Fundi mwaminifu hatakuuzia pedi kwa ajili ya kijiwe.

Beringi ya tairi kwa kawaida haisagi, inavuma. Mvumo unakua kadiri mwendo unavyoongezeka, na hubadilika unapokata kona kwa sababu uzito umehamia upande mwingine. Kukanyaga breki hakuubadilishi sana. Beringi iliyokufa nayo ni hatari, ila dawa yake ni nyingine.

Upo pia mlio usio ugonjwa. Gari lenye ABS, likiteleza kwenye tope au lami yenye maji, hutoa mkwaruzo wa haraka huku pedali ikitetemeka chini ya mguu. Mfumo unaachia na kubana breki mara nyingi kwa sekunde ili matairi yasifunge. Madereva wengi hushtuka na kuondoa mguu. Usiondoe. Endelea kukandamiza.

Naweza kukagua mwenyewe?

Unaweza, na ninakusihi ujifunze. Kama rimu ina matundu makubwa, washa tochi ya simu na uchungulie: utaona diski inayong'aa na ukingo wa pedi ya nje. Tabaka likionekana jembamba kuliko mgongo wake wa chuma, muda umefika. Diski yenye mifereji kama sahani ya santuri imeshaanza kuliwa.

Pedi ya nje inaweza kukudanganya. Kalipa inatembea juu ya pini mbili. Maji na tope vikiingia, pini zinaganda, na pedi moja inabaki ikifanya kazi ya mbili. Nje utaona pedi nene, kumbe ya ndani imebaki mgongo mtupu. Kwa hiyo dawa ya uhakika ni kufungua tairi.

Kuna kipimo kingine kisichohitaji spana. Baada ya mwendo wa kawaida kwenye tambarare, simama na usogeze kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Tairi moja likiwa la moto kupita mwenzake wa upande wa pili, breki yake haiachii. Gari kama hilo mara nyingi huvuta upande mmoja ukikanyaga, na linakula mafuta zaidi.

Linasaga, lakini linasimama. Naweza kuteremka nalo hadi Mbeya au Kyela nikatengeneze huko?

Hapana. Ningependa jibu hili likumbukwe hata kama mengine yote yatasahaulika.

Breki haifuti mwendo, inaugeuza kuwa joto. Chukua Noah lenye familia na mizigo, tani moja na nusu kupanda juu kidogo, linaloshuka kutoka Tukuyu hadi Kyela. Ni kilomita moja nzima ya kimo. Nguvu inayotoka kwenye mteremko huo, ikigeuka joto lote, inatosha kuchemsha ndoo mbili za maji za lita 20 kila moja, kutoka maji ya bomba hadi yanatokota. Upepo na injini hubeba sehemu ya kazi hiyo. Sehemu inayobaki inaingia kwenye diski mbili za mbele, vipande vya chuma vyenye ukubwa wa sahani ya pilau.

Pedi zikiwa nzima, tabaka lake linazuia joto lisikimbilie haraka kwenye pistoni. Tabaka likiisha, hakuna kinachozuia, na mafuta ya breki yanaanza kupata moto. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya yanachemka kwenye nyuzi 205 za Selsiasi. Lakini mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa, na hewa ya Rungwe ina unyevu wa kutosha. Yakishanyonya maji, kiwango cha chini kinachokubalika kimataifa kinashuka hadi nyuzi 140. Mafuta yakichemka yanatoa mapovu, na povu hubonyea. Unakanyaga breki, pedali inazama mpaka sakafuni, gari halisikii.

Wakazi wa Mbeya hawahitaji kuelezwa hilo linaonekanaje. Mteremko wa Igawilo umepata jina baya kwa malori yaliyoshindwa breki na kuwakuta watu wasio na hatia chini. Gari dogo si lori, lakini fizikia yake ni ileile.

Kwa hiyo: likianza kusaga, egesha sehemu isiyo na mteremko, weka jiwe nyuma ya tairi, na umwite fundi aje ulipo. Kubadilisha pedi za mbele hakuhitaji gereji kubwa. Fundi mwenye jeki, spana na bisibisi anaifanya kazi hiyo barazani kwako kwa muda wa saa moja au mbili. Kama ni lazima gari liondoke, livutwe.

Nikiteremka, niweke gia huru ili niokoe petroli?

Desturi hii imeenea mno, na inaua. Ukiweka huru, injini inaacha kulishika gari na mzigo wote unahamia kwenye breki. Wanaozima injini kabisa wanafanya baya zaidi. Kifaa kinachousaidia mguu wako kukandamiza, wengi tunakiita busta, kinategemea mvuto wa hewa wa injini. Injini ikizimwa, kinabaki na akiba ya kukanyaga mara mbili tatu, kisha pedali inakuwa ngumu kama jiwe. Usukani nao unakuwa mzito, na ukichomoa ufunguo unaweza kujifunga.

Petroli yenyewe haiokolewi kama watu wanavyodhani. Magari haya yanapulizia mafuta kwa kompyuta. Ukishuka ukiwa kwenye gia bila kukanyaga ekseleta, kompyuta hukata mafuta na matairi ndiyo yanayoizungusha injini. Ukiweka huru, injini inalazimika kuchoma petroli ili isizime.

Mwenye gia za mkono ateremke na gia ileile ambayo angepandia mlima huo. Mwenye otomatiki azime O/D, yaani gia ya juu ya mwendo kasi, kama kitufe kipo, au ashushe gia hadi 2, na L kwenye mteremko mkali. Injini itanguruma juu kidogo, na kwenye mwendo wa wastani haiumii. Breki zikanyagwe kwa vipindi: kanyaga vizuri mpaka mwendo upungue, achia zipoe, kanyaga tena. Mguu usilale juu ya pedali kutoka Isyonje hadi Igawilo.

Na kama pedali imeshazama? Ipige haraka mara kadhaa, huenda nguvu kidogo ikarudi. Shusha gia hatua kwa hatua. Vuta breki ya mkono taratibu huku umebonyeza kitufe chake, ili uweze kuiachia matairi ya nyuma yakianza kuteleza. Washa taa za tahadhari, piga honi, na ubaki upande wa ukuta wa mlima, mbali na korongo. Gari lililoparuzwa kwenye ukuta wa udongo hunyooshwa.

Fundi anasema tubadilishe pedi tu, diski iachwe.

Inawezekana yuko sahihi, ila mwombe akuonyeshe. Pitisha ukucha juu ya diski kutoka katikati kwenda ukingoni. Mikwaruzo myepesi haina shida. Ukucha ukinasa kwenye mfereji, pedi mpya itakaa juu ya matuta, itashika vibaya na kuisha mapema. Diski ya namna hiyo huchongwa kwenye mashine ya lezi au hubadilishwa.

Kuchonga kuna mpaka. Diski nyingi zimeandikwa kwenye chuma chenyewe unene wa chini kabisa unaoruhusiwa kwa milimita. Ikishuka chini ya hapo inapata moto upesi na inaweza kupasuka. Anayekuchongea diski bila kuipima anabahatisha na uhai wako.

Pedi zibadilishwe jozi, kulia na kushoto pamoja, hata kama upande mmoja tu ndio uliolia. Breki inayoshika zaidi upande mmoja huligeuza gari, na kwenye lami yenye maji hiyo inatosha kukupeleka upande wa pili wa barabara.

Nisimamie nini kazi ikifanyika?

Nati za tairi zilegezwe gari likiwa bado chini. Likishainuliwa, lisishikiliwe na jeki peke yake: weka stendi, au gogo nene lililolala imara. Kuingia chini ya gari linaloning'inia kwenye jeki ya skrubu kumeshagharimu maisha ya mafundi.

Kalipa ikifunguliwa isiachwe ikining'inia kwa bomba lake la mpira. Bomba hilo linapasuka ndani kwa ndani bila kuonekana. Ifungwe kwa waya kwenye springi. Pini zitolewe, zisafishwe na zipakwe grisi ya breki, siyo grisi ya kawaida inayovimbisha mipira. Kabla ya kurudisha pistoni ndani, fundi atazame kopo la mafuta ya breki, maana yatapanda na yanaweza kumwagika. Yakimwagika kwenye bodi yanababua rangi, yaoshwe kwa maji papo hapo.

Vumbi la ndani ya dramu lisipulizwe kwa mdomo wala kwa kompresa. Pedi na viatu vya zamani vilitengenezwa kwa asbesto, inayosababisha saratani ya mapafu, na huwezi kujua kwa macho kilichomo. Kitambaa chenye maji kinatosha. Vijana wanaojifunza kazi gereji ndio wanaovuta vumbi hilo kila siku, na hakuna anayewaambia.

Halafu jambo ambalo linaonekana haliwezekani, ila hutokea: pedi kufungwa kinyume, mgongo wa chuma ukitazama diski. Gari linasaga kuanzia mita ya kwanza. Tazama kwa macho yako kabla tairi halijarudi.

Kazi ikiisha, pedali ipigwe mara nyingi gari likiwa limesimama mpaka iwe ngumu. Mtu akisahau hatua hii, mara yake ya kwanza kukanyaga haitakuta breki. Nati zikazwe kwa mtindo wa msalaba na zikazwe tena baada ya kilomita kama 100.

Nimeweka pedi mpya na bado zinalia.

Pedi mpya zinahitaji kuzoeana na diski. Tafuta sehemu tambarare isiyo na watu, nenda kilomita 50 kwa saa, punguza taratibu hadi 10 bila kusimama, acha zipoe, rudia mara ishirini hivi. Kwa siku mbili tatu za kwanza epuka kufunga breki ghafla, na usizifanyie majaribio kwenye mteremko. Zikiendelea kusaga baada ya hapo, rudi kwa fundi: huenda vibanio vya pedi havikurudishwa, au pedi si za gari hilo.

Au ni bandia. Soko la spea lina pedi zenye boksi zuri na tabaka linalomeguka kama biskuti. Linganisha na pedi ya zamani umbo kwa umbo, kagua kama tabaka limeshikana na mgongo bila ufa, na udai risiti ya EFD. Risiti ndiyo ushahidi wako ukitaka kurudisha, au kupeleka malalamiko kwa Tume ya Ushindani, ambayo ndiyo inayosimamia vita dhidi ya bidhaa bandia nchini.

Je, nikipaka oili kidogo kuondoa kelele?

Kamwe. Oili kwenye diski huondoa mlio kwa sababu imeondoa breki. Pedi iliyoingiwa na oili au grisi haioshwi, inatupwa. Usimwagie pia maji ya baridi diski iliyotoka kuteremka mlima; chuma cha moto kikipozwa ghafla hupinda au kupasuka. Egesha, na uiache ipoe yenyewe.

Nikague mara ngapi?

Kwa gari linalozunguka Rungwe, kila linapobadilishwa oili ya injini, matairi yafunguliwe na pedi zitazamwe. Mafuta ya breki yabadilishwe kila baada ya miaka miwili, yakiwa ya DOT iliyoandikwa kwenye mfuniko wa kopo. Na ukinunua gari kwa mtu, usiulize breki zilitengenezwa lini. Fungua tairi utazame.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inakataza kuendesha gari bovu barabarani, lakini trafiki aliyesimama Kiwira hawezi kuona pedi ya ndani. Wewe ndiye unayesikia mlio. Ukiusikia ukiwa Tukuyu na safari ni ya Mbeya, liache gari kwa fundi, wachukue watoto, mpande Coaster.